Shanga za sementi zenye antibiotiki kwa mfupa wenye usaha: zinafaa, ila zihesabu

Mfupa uliokufa haupitishi damu, na pasipopita damu dawa ya sindano haifiki. Ndiyo sababu mgonjwa hudungwa wiki sita na tundu la usaha likabaki wazi. Shanga za sementi ya mfupa, yaani plastiki inayoganda ambayo hutumika kushikia viungo bandia, hupeleka dawa penyewe: zinajazwa kwenye shimo lililokwisha kukwanguliwa, na antibiotiki inavuja humo kwa wingi ambao ukiupitisha kwenye mshipa utaharibu figo. Mpasuaji Buchholz wa Hamburg, Ujerumani, alichapisha habari za kuchanganya antibiotiki ya jentamaisini na sementi mwaka 1970. Mpasuaji mwenzake Klemm wa Frankfurt ndiye aliyeifanya shanga.

Shanga za kiwandani, Septopal, zina kipenyo cha milimita 7, kila moja ikiwa na miligramu 7.5 za jentamaisini salfeti, zimetungwa kwenye waya. Zinalingana ukubwa na hutoa dawa vizuri kuliko za mkono. Kasoro yake ni dawa moja tu. Bakteria akishaizoea jentamaisini, umeweka plastiki tupu. Marekani hazikuidhinishwa, na wapasuaji wa huko wakazoea kujitengenezea. Nasi tunazipenda zaidi za mkono, kwa kuwa unachagua dawa kwa majibu ya maabara.

Pakiti moja ya sementi ya Palacos R+G ina takriban gramu 40 za unga, tayari na nusu gramu ya jentamaisini, pamoja na mililita 20 za kimiminika. Ongeza gramu 2 za antibiotiki nyingine, vankomaisini ya unga, yaani vichupa vinne vya miligramu 500. Koroga kwanza unga wa sementi na kimiminika chake hadi iwe uji, ndipo umimine vankomaisini. Usizisage sana chembe zake: zikibaki kubwa kidogo, sementi inakuwa na vinyweleo na dawa inatoka zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, koroga kwa mkono bila mashine ya kunyonya hewa. Viringisha shanga ndogo za milimita 6 hadi 8 juu ya waya wa chuma au uzi mnene usioyeyuka. Dawa hutoka usoni mwa shanga tu, kwa hiyo donge moja kubwa ni hasara. Vaa glovu mbili, fungua hewa, na ukumbuke kwamba chumba chenye joto kinaigandisha sementi kabla hujamaliza kuviringisha.

Kosa tunaloliogopa zaidi ni kumimina ampuli za jentamaisini ya maji. Ampuli ni miligramu 80 ndani ya mililita 2: dawa kidogo, maji mengi, na sementi inatoka mbovu. Antibiotiki ya rifampisini nayo usiiguse, inazuia sementi isigande. Na mchanganyiko huu mzito usiutumie kushikia kiungo bandia; umedhoofika kwa makusudi.

Salama ya mgonjwa bado iko kwenye kisu. Mfupa mfu ukibaki, shanga hazitausafisha. Ukishaziweka, funga ngozi. Ikiwa haifungiki, kama kwenye mvunjiko wa wazi, funika kidonda kwa plastiki ya kunata ili majimaji yenye dawa yakae ndani, na uzibadilishe ndani ya chumba cha upasuaji kila saa 48 hadi 72. Mpira wa kunyonya majimaji utaondoka na dawa uliyoilipia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 juu ya mivunjiko ya wazi 1,085 ulikuta maambukizi asilimia 12 kwa waliopata sindano pekee, na asilimia 3.7 kwa walioongezewa shanga. Wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza.

Udhaifu wake ni muda. Dawa nyingi hutoka siku chache za mwanzo, kisha inapungua hadi kiwango kinachowafundisha bakteria usugu, na sementi inageuka kuwa ukuta wa kujengea utando wao wa kujikinga. Zitoe kwa kawaida kati ya wiki 4 na 6. Kovu likishazishika, ukivuta waya unakatika na shanga zinabaki.

Asiyeweza kurudi kufanyiwa upasuaji wa pili afikiriwe shanga za kalsiamu salfeti, zinazoyeyuka zenyewe, au CERAMENT G, dawa ya kujazia mfupa inayoyeyuka pia, yenye miligramu 17.5 za jentamaisini kwa kila mililita. Wapasuaji wa Oxford, Uingereza, waliitumia CERAMENT G kwa upasuaji wa mara moja kwa wagonjwa 100 wa maambukizi sugu ya mfupa, na katika ripoti yao ya 2016 ugonjwa ulirudi kwa wanne. Bei yake ni ya juu sana, na vitu hivi vinavyoyeyuka huweza kutoa maji meupe kidondani kwa wiki kadhaa. Usiyakimbilie kuyaita usaha kabla ya kumpima mgonjwa joto na damu. Shanga nyingi za kalsiamu pia huweza kupandisha kalsiamu ya damu, basi ipime siku za mwanzo.

Kwa hospitali yenye bajeti ndogo na njia ya kumfuatilia mgonjwa, tunachagua za sementi. Andika idadi ya shanga kwenye ripoti ya upasuaji na kwenye kadi anayokwenda nayo nyumbani, pamoja na tarehe ya kuzitoa.