Pini ya kilti ya umbo la upanga: uzito mzuri, sindano nene

Pini hii ya chuma kilichopakwa rangi ya fedha, ya aina inayopatikana Nairobi kwa bahati tu kwenye mitumba ya Gikomba, inafanya kazi yake ya msingi vizuri: ni nzito kiasi cha kutuliza kipande cha mbele cha kilti (sketi ya sufu ya Kiskoti yenye marinda, ambayo vipande vyake viwili hupishana mbele) upepo ukivuma.

Kosa kubwa la wavaaji ni kutoboa vipande vyote viwili, cha juu na cha chini, kana kwamba pini ni kifungo. Usifanye hivyo. Kilti inashikwa na mikanda yake kiunoni. Ukibana vipande pamoja, kitambaa kinavutana unapoketi au kupanda matatu, marinda yanapinda na sufu inachanika. Toboa kipande cha juu peke yake, upande wa kulia wa mvaaji, kama sentimita 5 kutoka ukingo wenye matamvua na 10 juu ya pindo. Pini isimame wima, sambamba na ukingo.

Dosari yake ni sindano. Ni nene, na kwenye sufu nyepesi inaacha tundu linaloonekana. Ipenyeze taratibu katikati ya nyuzi, na fundi akushonee kitambaa kidogo kwa nyuma. Wakati wa masika, pini ikilowa ivue uikaushe, maana kutu haitoki kwenye sufu kirahisi.

Kwa kilti nzito, inunue. Kwa nyepesi, tafuta yenye sindano nyembamba.