Jeki Ndefu ya Hi-Lift: Kuinua Ni Rahisi, Tazameni Inavyoshusha

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Hii mnayoiona mbele yangu ni jeki ndefu aina ya Hi-Lift, ya inchi 48, ambayo wengi wenu mmeiona imefungwa ubavuni mwa magari yanayotoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, na huenda hamjawahi kumwona mtu akiitumia. Uzito wake wa takriban kilo 13, uwezo wake wa pauni 4,660, ambazo ni kama kilo 2,100, na historia yake iliyoanzia Indiana, Marekani, mwaka 1905, ni mambo ninayoyataja tu na kuyapita. Muda wetu nataka tuutumie kwenye jambo moja ambalo wauzaji hawalionyeshi, nalo ni namna jeki hii inavyoshusha gari, kwa sababu hapo ndipo watu wanapovunjika taya.

Kwanza nieleze kwa nini naipenda kwa mazingira yetu. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba na huendelea hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo gari likizama kwenye mifereji ya matairi kule kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, au kwenye njia za mashamba ya viazi huko Matamba na Makete, huwa limelalia tumbo. Ekseli imezikwa, difu imezikwa, na ile jeki fupi ya mafuta yenye umbo la chupa iliyokuja na gari haina pa kuingia. Jeki ndefu haihitaji kuingia chini ya ekseli. Inasimama nje ya tope, ulimi wake, yaani kile kipande kinachobeba gari, unashika bampa la chuma au kingo za chasisi, na inaliinua gari hadi tairi litoke kwenye shimo. Kisha mnalijaza shimo kwa mawe, matawi au magogo, mnalishusha gari juu yake na kuondoka. Kwa kubadilisha tairi juu ya lami pale Uyole, Mbeya, nisingeitumia hata kidogo. Jeki ya mafuta chini ya ekseli imetulia zaidi.

Sasa kamera isogee karibu. Hii nguzo yenye matundu ndiyo mwili wa jeki. Kichwa hiki kinachopanda kina pini mbili zenye springi, na kazi yake yote ni kwamba pini moja inabeba mzigo huku nyingine ikihamia tundu linalofuata. Hiki kidude kidogo cha ubavuni ndicho komeo la kugeuzia: likiwa juu jeki inapanda, likiwa chini jeki inashuka. Nikivuta mpini hadi chini, sikilizeni mlio: tak. Mlio huo maana yake ni kwamba pini imeingia tunduni na mzigo umepata pa kukaa. Kabla ya mlio huo, uzito wa gari umo mikononi mwangu, na nikiuachia mpini katikati ya safari utaruka juu kwa nguvu kubwa kuliko mkono wa mtu yeyote aliyeko hapa.

Wakati wa kushusha, hatari hiyo iko katika kila hatua, na ndiyo maana nairudia mara nyingi mbele yenu. Tazameni: kwanza nausimamisha mpini hadi ugusane na nguzo, ndipo nageuza komeo liangalie chini. Nikiligeuza mpini ukiwa umeinama, naweza kuufyatua. Kisha naushika kwa mikono miwili, nasimama pembeni, wala kichwa changu hakipiti kati ya mpini na nguzo. Nauvuta chini, pini inajitoa, na sasa gari linausukuma mpini juu huku mimi nikiuzuia polepole hadi nisikie mlio tena. Hapo gari limeshuka tundu moja. Anayeuachia mpini kwenye hatua hii ataona ukipiga juu na chini kwa kasi, na kichwa kikiteremka chenyewe hadi mzigo uishe. Ukiona hivyo, usijaribu kuudaka. Kaa mbali hadi utulie. Jambo jingine ni kwamba jeki hii hushuka hatua kwa hatua ikiwa tu imebeba mzigo wa kutosha, kama kilo 70 hivi kwa uchache. Isipokuwa na mzigo, kichwa huteleza moja kwa moja hadi chini na kinaweza kukata vidole.

Nawaomba sana wenye Land Rover Defender za zamani, zile za kabla ya toleo jipya la 2020, wanisikilize hapa. Breki ya mkono ya gari hilo hushika shafti ya nyuma ya giaboksi na haishiki magurudumu yenyewe, kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu gari kutembea hata kama breki imevutwa. Kwenye Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa ubavuni, breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na ukiyainua hayo hayo, umeiondoa breki. Jiwe kubwa mbele na nyuma ya tairi lililobaki chini si jambo la hiari, na hakuna mtu anayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki hii, hata kwa kufuata nati iliyoanguka.

Ninachokichukia kwenye jeki hii ni kitako chake. Kina takriban sentimita 10 kwa 18, na kwenye udongo wa volkano wa Kitulo uliolowa kinazama kabla gari halijainuka. Dawa yake ni kipande cha marini bodi (plaiwudi isiyoharibiwa na maji) nene chenye sentimita 30 kwa 30, ambacho kinaongeza eneo la kukanyagia mara 5. Mimi hupachika vipande viwili vya mbao juu yake ili kitako kisiteleze. Ubao huu hauna gharama kubwa, na bila huo nisingemshauri mtu yeyote wa huku kwetu anunue jeki ndefu. Halafu kuna suala la springi: gari huinuka sana huku tairi likiendelea kuning'inia topeni. Fungeni ekseli kwenye chasisi kwa mkanda wa kukazia kabla ya kuinua, na mtaokoa mapigo mengi ya mpini.

Wengi mliandika chini ya video ya matairi mkiuliza kama winchi, ile mashine ya kuvuta gari kwa kamba, haitoshi. Winchi ni chombo kizuri, na Mufindi, penye misindano kila upande, ningeichagua kwanza, mradi mti ufungwe kwa mkanda mpana ili gome lisikatwe. Lakini Kitulo ni nyasi tupu kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 2,600, na winchi isiyo na mti inahitaji uchimbe shimo na kuzika tairi la akiba. Ule mfuko unaojazwa kwa moshi wa ekzosi nao una sifa zake, na kadiri ninavyoutumia kwenye udongo mweusi wa Usangu ndivyo ninavyoona kwamba huko unaishinda jeki ndefu, kwa sababu unakanyaga eneo pana. Ubaya wake ni miba na vyuma vyenye ncha kali.

Wenye RAV4, Harrier na magari mengine yenye bampa la plastiki, jeki hii haina pa kuwashika. Nunueni beleshi imara, bodi mbili za kukanyagia, zile zinazowekwa chini ya matairi, na mkanda wa nailoni wa kuvutia, ule unaorefuka kati ya asilimia 20 na 30 ukivutwa, ambao hauligongi gari kama mnyororo ufanyavyo. Ufungeni kwenye ndoano zilizoshikwa na chasisi. Msiufunge kamwe kwenye lile tufe la kuvutia trela, kwa maana likikatika linaruka kama risasi na limeshaua watu. Mkanda huo utapata video yake kamili, nayo ndiyo itakayofuata kwenye chaneli yetu.

Kuhusu kubeba, nimeona jeki nzuri zikiwa chini ya magunia ya viazi, mahali ambapo dereva hawezi kuzifikia bila kushusha mzigo wote kwenye mvua. Ifungeni kwa bolti nyuma, karibu na tairi la akiba, au sakafuni nyuma ya viti. Ikilala bila kufungwa ndani ya gari, kilo 13 za chuma zitawarukia abiria gari likipinduka. Kama iko nje, kata kipande cha tyubu kuukuu ukivalishe kichwa chake, kwa kuwa matope yakikauka kwenye pini, springi hazisukumi na jeki inakataa kupanda. Pakeni mafuta mepesi, msipake grisi, kwani grisi hukusanya vumbi.

Bei ndiyo inayowasumbua wengi. Jeki halisi ni ghali, na kwa fedha yake mtu anaweza kununua nakala na bado akabaki na fedha ya mkanda. Sizikatai nakala zote. Mkienda kuitafuta sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ombeni kuipandisha na kuishusha pale pale dukani huku mtu mzito amekanyaga ulimi wake, sikilizeni kama mlio unatoka kila hatua bila kuruka, kisha ombeni pini na springi zitolewe mzikague kama zina nyufa, na muulize kama zinauzwa peke yake. Muuzaji akikataa kuifungua, nendeni duka la pili.