Tahadhari: anauza maegesho ya boti mtoni kwa kuyaonyesha siku za maji mafu

Ndugu zangu, naandika haya kwa hasira, lakini aibu imezidi hasira, kwa sababu mtu aliyekulia majini kama mimi hakupaswa kuingizwa mjini kwa hila ndogo kiasi hiki. Nilikuwa naihamisha boti yangu yenye mkuku, yaani ule uti wa chini ya chombo unaoshuka ndani ya maji.

Nilikuwa nataka sehemu ya kuegesha ndani ya mto ambamo boti ingeelea wakati wote, maji yajae au yapwe. Nilipanga kwenda kuiona Jumamosi. Muuzaji akanipigia simu kwa sauti ya unyonge, akasema amefiwa, akaomba tusogeze safari kwa juma moja. Nami nikampa pole.

Tulipokutana Jumamosi iliyofuata ilikuwa saa nne asubuhi, na maji yalikuwa yamepwa kabisa. Hilo ndilo lililonimaliza. Siku zote tunaambiana kwamba anayeonyeshwa maegesho wakati maji yamejaa hajaonyeshwa kitu, na huyu bwana mwenyewe ndiye aliyesisitiza niende wakati wa kupwa. Alichukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akauzamisha mbele ya macho yangu mpaka ukagusa chini, akautoa na kunipimia sehemu iliyolowa: futi 6 kamili. Boti yangu inahitaji futi 4 na nusu. Akauliza mkuku wake unashuka chini kiasi gani kabla sijautaja, akanionya kuhusu kasi ya mkondo maji yanapopwa, kwa kuwa wakati huo maji ya bahari na ya mto huteremka pamoja, na yote aliyosema yalikuwa kweli. Nani angemshuku mtu anayekutajia mwenyewe kasoro za bidhaa yake? Nikalipa pale pale, tena nikamshukuru.

Usiku wa saba tangu siku hiyo, mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama, bamvua likafika, yaani majira ambayo maji hujaa sana na kupwa sana. Saa kumi alfajiri niliitwa, nikakuta mto umekauka hadi katikati, boti imepwelewa na kulala ubavu juu ya tope, ikielekeza sitaha yake upande wa mkondo. Sikuwa na la kufanya ila kusimama na tochi. Maji yaliporudi yaliingia ndani kabla boti haijapata nguvu ya kuinuka, yakafunika injini, betri na kila kitu kilichokuwa chini. Nilipompigia, alijibu kwamba niliona kupwa kwa macho yangu na kwamba risiti haitaji kina. Kweli, haitaji.

Niliona kupwa, lakini kupwa kwa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, wakati ambapo maji hayajai sana wala hayapungui sana. Ile Jumamosi ya kwanza, ya huo msiba wake, mwezi ulikuwa mpevu, na ningeenda siku hiyo jioni ningekuta tope tupu. Mtu huyu aliihesabu siku yangu kwa mwezi, kisha akazika marehemu wa kubuni ili aipate. Astahili kushtakiwa, arudishe fedha hadi senti ya mwisho na alipe injini, na kama ingekuwa hiari yangu angefungwa kwenye nguzo ile ile ya maegesho siku ya bamvua, aangalie maji yakirudi.

Dalili zilikuwapo, ila sikuzitazama. Vyombo vyote vya jirani vilikuwa mitumbwi na mashua za chini bapa, ambazo hukaa juu ya tope bila shida, na hapakuwa na hata chombo kimoja chenye mkuku. Kijitabu cha majira ya maji alichonionyesha kilikuwa cha mlangoni mwa mto, ilhali huku ndani maji huchelewa na kina chake ni kingine. Pia hakukubali niandikiwe kina, akisema sisi ni watu wazima. Atakayenunua mahali popote mtoni aende siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mpya, asubiri mpaka maji yapwe yote, na asikubali kuahirishiwa hata kama muuzaji amefiwa na ukoo mzima.

Jana nimesikia kwamba sehemu hiyo hiyo ameitangaza tena, na mnunuzi ameshapangiwa siku ya kwenda kuiona. Nimehesabu: ni siku ya maji mafu.