SOA: njia nyembamba au inayotanuka?

Mafundi wa faiba hapa Tanga tukikutana Ngamiani ubishi ni uleule, ampilifaya ya mwanga ya semikondakta (SOA, chipu inayoongeza nguvu ya mwanga) ichukuliwe ile yenye njia ya mwanga nyembamba mwanzo mwisho au inayotanuka kuelekea kwenye kutokea?

Kwa nguvu, inayotanuka haina mpinzani, mwanga unavyokua unapewa nafasi, elektroni hazimalizwi mapema, kwa hiyo inachelewa kushiba, yaani kufika pale inaposhindwa kukuza mwanga zaidi. Ila inakula umeme, na joto letu la Februari ndo usiseme, chipu ikichemka gaini (kiasi inachokuza mwanga) inashuka, kipoozeo lazima kiwe cha maana. Halafu mwanga unatoka umetanuka upande mmoja kuliko mwingine, kuuingiza kwenye faiba yenye kiini cha maikromita 9 hivi ni shughuli ya lenzi na subira.

Nyembamba inaungana na faiba kirahisi zaidi, umeme kidogo, ila ukiisukuma inashiba haraka na chaneli (mawimbi ya mwanga yanayobeba data) zikiwa nyingi zinaanza kuingiliana.

Zote mbili njia ilazwe kwa mshazari wa digrii 7 hivi ili mwanga usiakisiwe kurudi nyuma, hapo sibishani na mtu.

Una chaneli moja ya nanomita 1310 na kibanda hakina AC? Nyembamba inakutosha kabisa. Unataka wati za kurusha hewani bila faiba? Tanua, ila andaa hela ya kupoozea.