OTC (oksitetrasaiklini) asilimia 20 kwa nguruwe: inapofaa na inapokula hela bure

Ukifika duka la dawa za mifugo Mbalizi, Mwanjelwa au Tukuyu ukasema nguruwe anaumwa, usishangae kupewa chupa ya oksitetrasaiklini asilimia 20, antibiotiki ya sindano, kabla hujaulizwa anaumwa nini. Dawa yenyewe si mbaya. Tatizo ni kuifanya dawa ya kila kitu.

Inapong'ara ni kwenye kikohozi na homa ya mapafu. Vimelea vya mapafu hupita pua kwa pua na kwa matone ya kukohoa, na Juni na Julai kule Uyole wafugaji hufunga banda lote kwa maturubai. Baridi inazuilika, lakini hewa ya mkojo inabaki ndani ikichubua mapafu. Acha uwazi juu ya ukuta, la sivyo utanunua chupa kila mwezi.

Kipimo ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito wa nguruwe. Usikisie uzito: pima kwa mita mzunguko wa kifua, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, kisha kwa 69.3. Kifua mita 0.9 na urefu mita 0.9 ni kama kilo 50, yaani mililita 5. Choma ndani ya msuli wa shingo, nyuma ya sikio. Dozi kubwa igawe pande mbili, maana dawa hii inauma na huacha uvimbe.

Sasa kasoro. Nguruwe mwenye homa na mabaka mekundu ya pembe nne mgongoni ana erisipela. Hapo penisilini ndiyo dawa, na huchomwa siku kadhaa mfululizo. Mshike kwa glavu, kimelea hicho huingia kwa binadamu kupitia mkwaruzo. Watoto wa nguruwe wa wiki ya kwanza wanaoharisha maji mara nyingi wameokota bakteria kwenye kinyesi na chuchu chafu: wape ORS, pakiti 1 kwa lita 1 ya maji, na uwaweke kwenye joto la nyuzi 30 au zaidi. Wengi huuawa na kukauka maji wakati mwenye banda anahangaika na sindano. Homa ya nguruwe ya Afrika nayo ni virusi, haisikii antibiotiki yoyote. Wakubwa wakianza kufa ghafla, masikio na tumbo vikiwa vyekundu, mwite afisa mifugo na usihamishe mnyama.

Kinachotukera zaidi ni sindano moja kuzungushwa banda zima. Inabeba damu ya mgonjwa kwenda kwa mzima, na ikiwa chafu huacha jipu shingoni. Badilisha kila mnyama; sindano namba 18 (unene wake) ya urefu wa inchi 1 inatosha wanaokua.

Tunaipa nyota 3 kati ya 5. Chupa itunzwe mbali na jua, na kabla ya kuuza kitimoto soma lebo: nyingi huandika siku 28 za kusubiri, nyingine tofauti.