Nane Nane ya Ngongo: nilikwenda kula, si kuangalia matrekta

Wenzangu wengi hapa Mtwara wakisikia Nane Nane ya Lindi, yaani maonesho ya wakulima, wanawaza mbegu, matrekta na hotuba. Mimi naifuata kwa tumbo. Kuanzia Agosti 1 hadi 8, mapishi ya Newala, Tandahimba, Kilwa na Liwale unayakuta uwanja mmoja, na kwa huku Kusini sijaona pengine unapoweza kuyapata yote kwa mguu.

Usafiri si shida. Panda gari la Lindi, mkishapita Mnazi Mmoja mwambie konda akushushe Ngongo, uwanja uko hapo. Kurudi jioni ndiyo kazi, maana magari yanafika yamejaa.

Ukiingia tu, moshi wa mishkaki utakuvuta. Pita. Chipsi na kuku wa pale ni wale wale wa stendi, ila bei imechangamka. Nenda kwenye mabanda ya halmashauri, na usiishie mbele kwenye meza zenye vitambaa. Zunguka nyuma, kwenye mafiga na akina mama wenyewe.

Huko nilikula ming'oko mpaka nikaona aibu. Kwa msiyeijua: ni mizizi midogo, myembamba, watu wanaichimba porini wakati wa kiangazi, kwa hiyo Agosti unaikuta yenyewe hasa. Inachemshwa na chumvi. Unamenya ganda kwa vidole, unachovya kwenye pilipili, unatafuna taratibu. Bibi aliyekuwa anauza aliniona nageuzageuza fungu akacheka: "Mjukuu wangu, hiyo haikaguliwi, inaliwa." Kwake pia nilipata ugali wa muhogo kwa mbaazi za nazi, nazi nzito, mbaazi zimeiva lakini hazijapondeka. Sahani hiyo ndiyo bora niliyokula uwanja mzima, na pweza wa kuchoma nilimla pia.

Kilichoniudhi ni banda moja, jina naliacha. Meza ndefu, vyakula vya asili vya kila aina: kisamvu cha karanga, njugu mawe, samaki wa kupaka, kila sahani na kikaratasi chake cha jina, juu nailoni. Nikauliza bei. "Kaka, hivyo vya mgeni rasmi." Mgeni rasmi mwenyewe hajulikani anafika saa ngapi, na samaki ameshaanza kukunjamana. Sasa mtu katoka Mtwara na njaa yake, unamwonesha chakula asome? Pikeni sufuria mbili, moja ya maonesho, nyingine ya kuuza. Hela mtaiona.

Korosho zipo kwa wingi, ila kuwa mjanja. Msimu wa mavuno unaanza kwenye Oktoba, kwa hiyo za Agosti ni za msimu uliopita. Si mbaya kama zimehifadhiwa na maganda na kubanguliwa karibuni. Muulize muuzaji kabangua lini, kisha onja moja. Ikiwa na harufu ya mafuta ya zamani, shukuru uondoke. Lakini usimbane mama wa watu kwenye bei: mafuta ya lile ganda yanaunguza vidole, kazi yake si ya mchezo. Ufuta ndio wa kuchukua bila maswali, umetoka shambani juzi tu, na kashata zake bado zinanukia. Wapenzi wa vitu vipya watafute bidhaa za mabibo, yale matunda ya mkorosho, ambazo watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele wamezihangaikia sana, juisi na mvinyo. Juisi niliyoonja ilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia na haikukaba koo kama bibo bichi.

Tarehe 8 yenyewe siishauri kwa mlaji. Misafara, foleni, na mama lishe wamezidiwa. Nendeni katikati ya wiki, mapema, na hela ndogondogo mfukoni. Mbebe na hotpoti, maana zile mbaazi za bibi saa saba mchana zimeshakwisha.