Bangili ya mazoezi kwenye joto la Mombasa: uzoefu wangu

Ninayoivaa ni bangili ya bei nafuu, ile aina isiyo na GPS yake (kipokezi cha setilaiti cha kujua mahali ulipo), yenye kioo chembamba, kamba ya silikoni na taa za kijani upande wa ngozi. Inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inarekodi usingizi na kukisia oksijeni ya damu. Hukumu yangu naitoa mapema: mapigo ya moyo ndiyo yanayoifanya istahili pesa yake, hatua ni za kutazama kwa tahadhari, na kalori zipuuze. Kasoro zake nyingi hapa pwani zinatokana na jasho, chumvi, na kazi ambazo mikono yetu hufanya kutwa.

Tuanze na hatua, maana ndizo kila mtu huulizia. Ndani ya bangili mna kihisi kinachopima mtikisiko wa mkono pande tatu, na programu yake hukisia kwamba mtikisiko wa aina fulani ni hatua. Miguu haiioni. Ukitembea bustani ya Mama Ngina kando ya bahari mikono ikicheza kawaida, hesabu huja karibu na ukweli. Jaribu mwenyewe: hesabu kwa mdomo hatua 200 kwenye njia tambarare, kisha tazama bangili imeongeza ngapi. Tofauti ikiwa chini ya 10, iache kama ilivyo. Ikizidi, ingia kwenye programu ya bangili iliyo kwenye simu uone kama umeiambia ni mkono gani unaoivaa, wa kushoto au wa kulia, kwa kuwa mkono unaotumika zaidi hutikisika hata ukiwa umekaa.

Anayesukuma mkokoteni wa maji mtaa mzima hupewa hatua chache mno, kwa sababu mikono imeshika na haichezi. Vivyo hivyo aliyebeba kikapu cha soko kutoka Kongowea, anayesukuma kigari cha mtoto, na wanaojikokota kwenye msongamano wa kuingia feri Likoni, hatua moja, kusimama, hatua mbili, kusimama. Bangili nyingi husubiri mfululizo wa hatua kadhaa kabla ya kuanza kuhesabu, kwa hiyo mwendo wa kukatikakatika hupotea. Dawa ni kuivua na kuitia kwenye mfuko wa suruali ulio imara, au kuifunga kwenye kifundo cha mguu; hatua zitarudi, ila mapigo ya moyo hutayapata.

Upande wa pili, kalia mbuzi ukune nazi mbili za wali na kuku wa kupaka, utainuka bangili ikidai umetembea ilhali hujatoka uani. Kufua kwa mikono, kutwanga na kukanda unga wa mahamri ni hivyohivyo, na tuktuk kwenye barabara ya mashimo haikosi kukuongezea kidogo. Kwa kazi za namna hiyo mimi huivua tu.

Ile hatua 10,000 ambayo programu nyingi huiweka kama lengo haikutoka kwa madaktari. Ilienezwa na kampuni ya Japani iliyouza kifaa cha kuhesabu hatua mwaka 1965. Kipimo chenye msingi zaidi ni cha Shirika la Afya Duniani la 2020: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kwa hiyo kwenye programu nimeondoa hatua kwenye ukurasa wa mbele nikaweka dakika.

Dakika za mazoezi ya wastani zinajulikana kwa mapigo ya moyo, na hapo ndipo kifaa hiki kinapostahili kuvaliwa vizuri. Taa za kijani humulika ngozi, na kihisi husoma mwanga unaorudi. Damu ikijaa kwenye mishipa mwanga hunyonywa zaidi, ikipungua mwanga hurudi zaidi. Chochote kinachoingiza mwanga wa nje au kuzuia ule wa ndani huharibu hesabu. Wakati wa mazoezi ipandishe bangili upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, mahali penye nyama. Ikaze isiteleze ukitikisa mkono, lakini kidole chembamba kiweze kupita kwa shida. Ukimaliza, ilegeze na kuishusha. Wanaoivaa kama kikuku kinachoning'inia ndio hulalamika kwamba inasema mapigo 70 wakati wanahema.

Mafuta ya nazi na losheni ya jua hufanya utando kwenye kioo cha kihisi. Futa ngozi na bangili kabla ya kutoka. Piko nzito iliyofika kwenye kifundo, kama ya arusi, pia inasumbua, kwani rangi nyeusi hunyonya mwanga. Hamishia bangili mkono usio na pambo hadi ififie. Kuna pia kosa moja linalotatanisha wakimbiaji: bangili ikilegea, kihisi hufuata mdundo wa miguu badala ya moyo. Ukiona namba imeganda kwenye 160 na kitu huku unakimbia polepole na unaweza kuongea, simama, kaza, weka vidole viwili shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 30 na uzidishe mara mbili. Kwa mazoezi ya kukimbia kwa kasi na kupumzika kwa vipindi vifupi, bangili huchelewa. Moyo umeshapanda na kushuka, yenyewe ndiyo kwanza inapanda.

Kukadiria kiwango chako cha juu cha mapigo, toa umri kutoka 220. Mtu wa miaka 45 ana kilele cha 175, na mazoezi ya wastani ni asilimia 64 hadi 76 ya hapo, yaani mapigo 112 hadi 133. Ni makadirio tu. Anayetumia dawa za presha za kupunguza mapigo, kama atenolol, asifuate hesabu hii, kwa kuwa dawa yenyewe huuzuia moyo usipande. Kwake inafaa kanuni ya mdomo: unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Sasa joto. Majira ya kaskazi, hasa Februari na Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33 na unyevu ni mwingi, kwa hiyo jasho halikauki. Mwili hupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, na maji ya mwilini hupungua, basi moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mwendo uliokuwa unakupa 120 mwezi wa Julai, kusi ikivuma, utakupa zaidi ya hapo Machi, na utazidi kupanda kadiri unavyoendelea hata kama hujaongeza kasi. Wengi hudhani afya imeshuka. Haijashuka, punguza kasi ufuate mapigo, kunywa maji kabla ya kutoka, na utembee kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Kulinganisha Machi na Julai hakuna maana. Linganisha Machi na Machi.

Ufukweni kuna jambo lake. Bangili isiyo na GPS huzidisha hatua kwa urefu wa hatua uliokadiriwa kutokana na kimo chako. Kwenye mchanga laini wa ufuo wa Pirates hatua hufupika, kwa hiyo umbali unaoonyeshwa huzidi ule uliotembea. Wakati huohuo nguvu inayotumika kutembea kwenye mchanga laini ni zaidi ya mara mbili ya ile ya sakafu ngumu, na hilo bangili hailijui isipokuwa kupitia moyo. Subiri maji yakupwe utembee kwenye mchanga mgumu wenye unyevu ukitaka umbali wenye maana. Ukitaka sahihi zaidi beba simu, na uiruhusu programu kutumia mahali ulipo hata simu ikiwa mfukoni. Hiyo inafanya kazi vizuri Nyali na Mama Ngina, penye anga wazi. Mji wa Kale sahau: vichochoro vyembamba na kuta ndefu hurudisha mawimbi ya setilaiti, na ramani itakuonyesha ukipita juu ya mapaa.

Kuhusu maji, alama ya 5 ATM ina maana kifaa kimejaribiwa kwa shinikizo sawa na la maji tulivu ya kina cha mita 50. Si ruhusa ya kuzamia mita 50. Kuogelea bwawani na baharini karibu na pwani ni sawa. Kuzamia kwa mtungi na kuoga maji ya moto yenye mvuke si sawa. Funga kioo kabla ya kuingia majini, la sivyo matone hubonyeza vitufe na kukatisha zoezi. Jasho jingi hufanya vilevile, na hili huwapata watu wengi bila kujua chanzo chake. Buibui au mkono mrefu wa kanzu ukisugua kioo, skrini huwaka kila unapoinua mkono na chaji hukwisha upesi. Zima ile amri ya kuwasha kioo kwa kuinua mkono.

Adui mkubwa ni chumvi kwenye vile vidoti viwili vya chaji. Jasho likikaukia hapo kisha ukaweka chaja, umeme na unyevu na chumvi hula madini. Utaona ukijani au weusi, na baada ya muda haichaji. Kila siku ukivua, suuza kwa maji matamu. Narudia, matamu: visima vingi vya hapa vina maji ya chumvi, na kusuuza kwayo ni kuongeza tatizo. Kikombe kimoja cha maji ya kunywa kinatosha. Kausha kwa kitambaa, iache dakika chache, ndipo uchaji. Ukijani ukishaanza, futa kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, usikwangue kwa sindano. Vipele chini ya kamba navyo hutokana na jasho na sabuni iliyobaki. Osha kamba, kausha ngozi, badilisha mkono, na usiku ilegeze.

Usingizi naangalia saa za jumla tu. Kile kinachoitwa usingizi mzito na wa ndoto ni makisio ya mtikisiko na mapigo. Ramadhani rekodi huvurugika: ukiamka daku na kulala tena baada ya alfajiri, kipande cha pili kikiwa kifupi bangili nyingi hukiita kijusingizi cha mchana au hukiacha kabisa. Jumlisha mwenyewe.

Namba ninayoipenda kuliko zote ni mapigo ya mapumziko. Kwa mtu mzima kawaida ni 60 hadi 100, na ya mwenye mazoezi huweza kuwa chini zaidi. Fuata wastani wa wiki. Ukipanda ghafla kwa mapigo kadhaa, tafuta sababu: homa inayokuja, kukosa usingizi, upungufu wa maji, au miraa na muguka, ambavyo vyote viwili huharakisha moyo. Vikombe vya kahawa tungu vya jioni barazani navyo huonekana usiku kwenye mchoro kwa baadhi ya watu.

Oksijeni ya damu ipime ukiwa umekaa, mkono juu ya meza, bila kutikisika. Kawaida ni asilimia 95 hadi 100. Ikitokea 88 na unajisikia mzima, kaza upime tena. Lakini namba nzuri nayo isikutulize ukiwa unahema kwa shida: utafiti uliochapishwa 2020 Marekani ulionyesha kwamba hata vipimo vya hospitali vya kidoleni hukosea zaidi kwa watu weusi, vikionyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Kalori ndizo mbovu zaidi. Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu vifaa saba mwaka 2017. Sita kati yake vilipima mapigo kwa kosa la chini ya asilimia 5, lakini kwa kalori kile kilichofanya vizuri zaidi kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Usijiongezee sahani ya viazi karai kwa sababu mkono umekwambia umechoma 400.

Nikifika kwenye kununua, neno kwa wenye kisukari na presha. Madukani zinauzwa saa zinazodai kupima sukari bila kutoboa kidole. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Anayepanga dozi ya insulini kwa namba ya saa hiyo anahatarisha maisha. Presha ya mkononi nayo, hata kwenye saa chache zilizoidhinishwa, hutaka kulinganishwa mara kwa mara na mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko.

Programu ikishindwa kuleta data, mara nyingi kosa ni la simu: mfumo wa kuokoa betri wa Android huifunga kimyakimya. Ingia mipangilio, betri, chagua programu ya bangili, iruhusu bila vizuizi.

Dukani, usidanganywe na jaribio la kuifunga kwenye ndizi. Hata bangili halisi huweza kutoa mapigo ya ndizi. Ivae, kaa dakika mbili, linganisha na mapigo ya shingo, panda ngazi, linganisha tena, keti uone kama inashuka. Uliza chaja ya akiba, kwa kuwa kila aina ina yake. Ikiwa ni ya mtumba, mwambie muuzaji aitoe kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, kisha uiunganishe na simu yako palepale kabla ya kulipa. Zipo aina ambazo zikibaki zimefungwa kwa mwenyewe wa kwanza hutaweza kuzitumia.